Gitaa Jekundu na Ubao wa Kabati la Mama

Gitaa langu la kwanza la umeme nililinunua soko la Memorial, mjini Moshi, kwenye rundo la makoti ya baridi, kwa mama mmoja muuza mitumba aliyedhani ni mchezo wa watoto. Lilikuwa jekundu la kung'aa, jina la kiwanda limebanduka, nyuzi mbili hazipo, na mgongoni mtoto fulani wa Ulaya alikuwa amebandika picha za dubu. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa chekechea ya usharika wetu huko Machame, na katikati ya miaka ya tisini mwalimu wa chekechea alikuwa haachi kitu. Dubu niliwabandua nikawapeleka darasani. Gitaa nililipeleka kwaya.

Ieleweke kwamba mimi si mwimbaji. Kwenye kwaya ya vijana niliwekwa sauti ya kwanza kwa sababu nilikuwa msichana, si kwa sababu nilikuwa na sauti. Nikifungua mdomo, walio kushoto wanasogea kushoto na walio kulia wanasogea kulia. Lakini chuo cha ualimu nilikuwa nimejifunza gitaa kavu, lile lisilo la umeme, na vijana walipochangishana mpaka wakanunua amplifaya, mwalimu wa kwaya aliniruhusu nitoke kwenye mstari nikasimame pembeni na gitaa langu jekundu. Nilisimama pale miaka miwili. Nilikuwa na furaha ambayo ilinibidi niifiche, maana watu wa kwetu hawamwamini mtu anayefurahi sana kanisani.

Tatizo ni kwamba gitaa lile lilikuwa bovu. Ukikaza uzi wa kwanza, wa tatu unalegea kwa wivu. Shingo ilikuwa imepinda kiasi kwamba, ukibonyeza nyuzi karibu na tumbo, vidole vinabaki na mifereji. Na wakati wa sala ya kimya, watu wote wameinamisha vichwa, lilikuwa linanguruma lenyewe, mmmmmm, mpaka mchungaji anafungua jicho moja.

Tulivumiliana hivyo hadi Jumapili moja, wakati wa Chakula cha Bwana, uzi wangu wa nne ulipoanza kushuka taratibu katikati ya wimbo. Kwaya ikanifuata. Tukashuka wote, ubeti kwa ubeti, kama watu wanaoteremka bonde la mto Kikafu, mpaka besi wakafika mahali ambapo hawakuwa na sauti tena, wakanyamaza wakabaki wanatazamana.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mzee mwembamba aliyestaafu kufundisha hesabu, mtu ambaye hakupoteza maneno. Baada ya ibada aliniita kando.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sikukuu ya Mavuno tuna wageni wa sharika nne. Imebaki miezi mitatu. Gitaa hilo likitulia, utapiga. Lisipotulia, unarudi sauti ya kwanza."

"Na gitaa?"

"Utalitunza nyumbani."

Nilirudi nyumbani na hasira ya kutosha kuchemshia maji. Wenzangu wanaweza kudhani kurudi sauti ya kwanza ni jambo dogo. Kwangu ilikuwa ni kurudi kuwa mtu ambaye wenzake wanasogea mbali naye. Pale pembeni, na kamba ya gitaa begani, nilikuwa mtu kamili, na sikutaka kuondoka.

Sasa, familia yetu ilikuwa na mafundi wawili. Baba alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba na zizi la ng'ombe. Mdogo wake, baba mdogo, alikuwa fundi redio na kibanda chake kilikuwa Njoro, mjini Moshi. Ndugu hawa wawili hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote. Walitofautiana hata juu ya siku aliyofariki babu: baba alisema ni Jumanne, baba mdogo akasema ni Jumatano, na kila mmoja alikuwa anaiadhimisha siku yake. Nami nikafanya kosa la kuwaomba ushauri wote wawili.

Baba mdogo alilifungua gitaa mgongo, akachungulia, akachomoa sikioni mwake kalamu ya risasi.

"Hili ni zima," akasema. "Halina ugonjwa, lina uchafu. Tutaziba huku ndani ili lisingurume, tutabadilisha waya, tutakaza hivi vifundo vya kukazia nyuzi, tutapiga tupa hapa na hapa. Mwalimu, mtu hachinji ng'ombe kwa sababu ana kupe."

Baba alilipokea kwa vidole viwili. Akaligonga tumboni, akatega sikio, akaligonga tena. Kisha akalamba kidole, akakipitisha ukingoni mahali rangi ilipobanduka.

"Hii si mbao, mama," akaniambia. "Hili ni gazeti lililogandishwa kwa gundi. Vyuma vyake ni vizuri, waya sijui, huyo wa Njoro ndiye anajua. Chukua vyuma, nikutengenezee mwili wa mbao ya mringaringa. Sauti inatoka kwenye mti."

Nilishuka Njoro Jumamosi iliyofuata na ujumbe huo. Baba mdogo akacheka mpaka akaweka chini chuma cha kuchomelea.

"Mwambie kaka, gitaa la umeme sauti inatoka kwenye sumaku. Hata ukifunga nyuzi kwenye mlango, mlango utalia."

Nikapanda mlima na ujumbe huo. Baba akaendelea kupiga randa kama hajasikia, halafu akauliza: "Mlango gani? Wa mninga au wa bati?"

Ndivyo ilivyokuwa kwa wiki tano. Jumamosi nashuka na swali, jioni napanda na jibu. Kila mmoja alikuwa na haki ukimsikiliza peke yake, na mimi ni mtu ninayemwamini aliyeongea mwisho. Nikiwa Njoro nilikuwa mtu wa kurekebisha. Nikifika njia panda ya Machame naanza kuwa na mashaka, na nikinusa maranda ya baba nimeshakuwa mtu wa kuunda upya.

Wala halikuwa suala la kujaribu njia zote mbili. Moshi nzima nilizunguka kutafuta vipuri, na duka pekee lililojua ninachozungumzia liliuza nyuzi na nyuzi tu. Kwa hiyo vifundo, sumaku, shingo na kila kitu cha gitaa jipya vingetoka kwenye gitaa jekundu. Kurekebisha maana yake nibaki na gitaa moja, bovu lakini hai. Kuunda maana yake nilifumue lile, kisha nikae nalo kwenye kikapu nikiomba lingine lizaliwe kabla ya Mavuno.

Mama alinisikiliza siku moja akiwa anashusha mzigo wa majani ya ng'ombe.

"Wewe unachagua gitaa kama mtu anayechagua mchumba," akasema. "Wote wana kasoro. Chukua mmoja umnyooshe."

Nilianza na baba mdogo, kwa kuwa njia yake ilionekana fupi. Aliziba tumbo lote la gitaa kwa karatasi za kung'aa za ndani ya paketi za sigara, alizokuwa ameokoteza kwenye baa tatu za Njoro. Ngurumo ikafa kabisa. Ila gitaa likawa linanuka tumbaku, na mwalimu wa kwaya akanikalia mbali mazoezini akinitazama kwa huzuni, kama mtu aliyesikia habari zangu mjini.

Na bado halikutulia. Baba mdogo alilikaza vizuri kwenye joto la Njoro, nikapanda nalo, na kufika Machame kwenye ukungu tayari limechacha. Nikilikaza Machame, nikishuka limechacha upande mwingine. Shingo ilipinda zaidi kila wiki. Nilipomlalamikia, baba mdogo aliinua macho kuelekea mlimani.

"Gitaa ni zima," akasema. "Mlima ndio mbovu."

Jumatano moja nilitoka mazoezini, uzi umeshuka mara nne katika wimbo mmoja, na besi wameanza kunicheka waziwazi. Nikaenda moja kwa moja karakana, nikaliweka gitaa juu ya meza ya baba. "Fumua," nikasema. Niliamua kwa hasira, kama nilivyoamua mambo mengi mazuri na mabaya ya maisha yangu. Baba hakunipa nafasi ya kufikiri. Alitoa vyuma vyote akavipanga kwenye sinia, akachukua msumeno, akakata tumbo jekundu katikati, twaa, ili aone ndani. Yalitoka matabaka ya mbao laini kama biskuti na rundo la karatasi za sigara. Akanitazama, akazitazama karatasi, akazifagia kando.

Kisha akapanda ngazi, akashusha kutoka darini ubao mkubwa wa mringaringa. Mama alikuwa anapita na ndoo ya maziwa. Akasimama.

"Hilo ni kabati langu," akasema.

Ilikuwa kweli. Baba alimwahidi mama kabati la vyombo siku ya harusi yao. Mti aliukata mwenyewe kihambani, shamba letu la ukoo, akaupasua, akaupandisha dari ukauke, na tangu hapo ulikuwa unakauka. Mimi nilizaliwa ukiwa unakauka.

"Ni kipande cha pembeni tu," baba akasema.

"Cha pembeni cha kabati langu."

Wiki mbili zilizofuata mama hakusema nasi neno zaidi ya yale ya lazima. Kila jioni tulipata mtori wa ndizi, na nyama zote zilikuwa kwenye bakuli lake.

Lakini lilikuwa linakuja gitaa! Baba aliviweka vile vipande viwili vyekundu juu ya ubao, akazungusha penseli, akasogea nyuma, akatikisa kichwa. Aliona pembe za gitaa ni nyembamba mno, za aibu. Akazinenepesha. Akaona kiuno kimekonda. Akakijaza. Kazi ilipokwisha, ulikuwa mwili mzito wa rangi ya asali iliyoiva, laini kiasi kwamba paka wetu alilala juu yake mara moja na kuteleza. Haukuwa bado na tundu la sumaku wala mahali pa shingo. Baba alisema hawezi kutoboa mpaka apewe vipimo, na vipimo viko kwa huyo wa Njoro. Nilipoubeba mara ya kwanza nilitaka kulia, nikalia. Hakuna mtu aliyewahi kunitengenezea kitu kizuri hivyo.

Shingo nilikuwa nimeipeleka Njoro ili baba mdogo aone kama inaokoka. Nilimkuta amekaa, shingo mezani mbele yake. Kwenye kichwa cha shingo, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki ambacho hatukuwahi kukiona kama kinafunguka, kulikuwa na tundu. Baba mdogo akachukua ufunguo mdogo wa pembe sita, ule wa mafundi baiskeli, akauingiza, akazungusha nusu. Akainua shingo jichoni, akanipa nami nitazame. Ilikuwa imenyooka kama rula.

"Kwa hiyo ilikuwa inanyooshwa?" nikauliza.

"Ina chuma ndani."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Tulikaa tukisikiliza redio ya mteja. Nilifikiria safari zangu zote za Jumamosi, na karatasi za sigara, na mama na mtori wake. Nusu mzunguko, na gitaa jekundu lilikuwa limekatwa katikati.

"Tusimwambie baba yako," akasema. Akafikiri kidogo. "Hapana, mwambie."

Nilimwambia. Baba akajibu kwamba ukinyoosha shingo ya gazeti, unabaki na gazeti lenye shingo nzuri.

Zilikuwa zimebaki Jumapili mbili, ya pili ikiwa ya Mavuno. Mipango yote ilikuwa tayari: Jumatatu baada ya ile ya kwanza baba mdogo apande na shingo na vipimo, Jumanne watoboe, wafunge, nipate siku nne za mazoezi. Kitu kimoja nilikisahau, nami nilikijua tangu utoto. Baba alikuwa na sheria: cha kwanza ni cha Bwana. Kiti chake cha kwanza alichotengeneza akiwa kijana kilikwenda kanisani kama malimbuko. Dirisha la kwanza, kitanda cha kwanza cha mtoto, mzinga wa nyuki wa kwanza, vyote vilitolewa madhabahuni. Kwa kuwa kwetu sadaka za vitu hupigwa mnada nje baada ya ibada, mwenye kukipenda alikinunua, na mara nyingi baba alinunua chake mwenyewe akarudi nacho nyumbani, dhamiri yake imetulia na Bwana amepata fungu lake. Mimi sikuwahi kufikiri kwamba gitaa nalo lina malimbuko.

Jumapili ya kwanza kati ya hizo nilikuwa nimesimama mstari wa sauti ya kwanza, kwa muda, kama nilivyojiambia. Ulipofika wakati wa sadaka watu wakaanza kupita: mikungu ya ndizi mchare, mayai kwenye bakuli, jogoo amefungwa miguu. Halafu nikamwona baba, na koti lake la harusi, anakuja taratibu katikati ya kanisa na mwili wa gitaa langu umelala juu ya mikono yake miwili. Akauweka chini kati ya jogoo na boga. Akainamisha kichwa. Nilitoa sauti ambayo haikuwa kwenye wimbo, na walio kushoto na kulia wakasogea.

Kilichowekwa pale hakirudishwi. Hata watoto wangu wa chekechea walijua hivyo. Kilichobaki ni kukinunua, na nilijua baba amekusudia kukinunua. Lakini tulipotoka nje, mchungaji alimshika baba mkono akampeleka ofisini kumshukuru kwa moyo wake wa malimbuko, na huko kulikuwa na chai.

Kwetu kwaya huimba mnada ukiendelea, ili watu wachangamke. Kwa hiyo nilikuwa nimesimama uwanjani, na joho lisilo na mfuko, naimba wimbo wa kutoa kwa furaha, wakati mzee wa kanisa anauinua mwili wa gitaa langu juu ya kichwa chake.

"Wapendwa, tuna... tuna kifaa!" akasema. Akakigeuza. "Ni mringaringa mtupu! Nani ataanza?"

Mtu akauliza kama ni sinia. Bibi mmoja akasema hapana, ni kiti ambacho hakijawekwa miguu. Ndipo mwenye bucha la njia panda, mtu mkubwa mwenye sauti ya upole, akasogea mbele, akashika zile pembe ambazo baba alizinenepesha.

"Huu ni ubao wa kukatia nyama," akasema. "Tena una mahali pa kushikia."

Watu wakaona kweli, una mahali pa kushikia. Akataja bei. Nikanyoosha mkono. Mzee wa kanisa akaniona, uso wake ukang'aa. "Hata kwaya inafurahi! Pazeni sauti!" Wakapaza. Nikanyoosha mikono yote miwili. Mwalimu wa kwaya akanikazia macho yale ya hesabu. Nikamtafuta mama kati ya akina mama, naye alikuwa ametazama angani kwa utulivu mkubwa.

Uvumilivu ukanishinda. Nikatoka mstarini, nikapiga kelele: "Hilo ni gitaa!"

Wimbo ukakatika. Mzee wa kanisa akautazama ubao mbele, akautazama nyuma. Hakukuwa na shingo, wala uzi, wala hata tundu.

"Mwalimu," akaniuliza kwa huruma, "liko wapi?"

Walicheka mpaka jogoo akashtuka. Na katika kicheko hicho mwenye bucha akapewa ubao wake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Baba alitoka ofisini anajipangusa mdomo. Nilimsubiri mlangoni.

"Limekwenda kwa nani?" akauliza.

"Bucha."

Alibaki ameshika kofia. "Nilikuwa nilinunue mwenyewe," akasema.

"Kwa nini ulilitoa, baba? Kwa nini gitaa?"

"Cha kwanza ni cha Bwana."

"Basi Bwana ndiye atakayelipiga Siku ya Mavuno."

Niliyajutia maneno hayo yalipokuwa bado mdomoni. Baba hakunigombeza. Alivaa kofia, akashika njia ya mgombani peke yake, na koti lake la harusi. Usiku ule nilimwomba radhi, akaniambia nile.

Jumatatu, watoto wa chekechea walipoondoka, nilikwenda bucha. Nilichelewa kwa nusu siku. Ubao ulikuwa mezani, na juu yake alama nne za shoka na vipande vya mbavu.

"Karibu, mwalimu," mwenye bucha akasema. "Ubao huu, aika, asante sana kwa baba yako. Mgumu! Shoka linaruka."

Nilimweleza yote, kuanzia dubu hadi besi. Alinisikiliza vizuri, akapangusa mikono. "Ningekupa," akasema, "lakini mangi mwenzangu, mwenye duka aliyeniuzia, ni Mungu. Nimeununua kwake. Nikikurudishia bure, si nitakuwa nimeichezea sadaka?"

"Na baba akikutengenezea mwingine? Wa pili. Wa pili hauna malimbuko."

Akafikiri. "Uwe na mahali pa kushikia," akasema.

Jioni nilimkuta baba ameketi karakana hafanyi kitu. Nilipomaliza kumweleza, alitazama dari, kule ulikobaki ubao, halafu akautazama mlango wa jikoni. Tulikwenda wote wawili kumwomba mama, tukasimama kama watoto waliovunja chungu. Nikamwambia kuhusu bucha, na mbavu, na mahali pa kushikia. Mama alijikaza. Kisha mdomo ukamponyoka, akacheka, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akajifuta machozi kwa kanga.

"Ruwa wangu, Mungu wangu!" akasema. "Haya, chukueni. Chukueni na milango yake. Kabati nitanunua mjini, hilo la gazeti."

Baba alimeza hilo bila kutafuna. Ubao wa pili, wa bucha, ulikwisha Jumatano. Wa kwanza ulirudi, umeoshwa kwa maji ya moto, na bado unang'aa mafuta. Baba mdogo akapanda na shingo na sanduku lake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliwaona ndugu wale kwenye meza moja. Walisimama bega kwa bega na waliendelea kuongea kupitia kwangu.

"Mwambie kaka, hiki chuma cha chini kinachoshika nyuzi kikikosea upana wa kucha moja, gitaa zima litasema uongo."

"Mwambie huyo, mimi nimepima milango kabla hajaota meno."

Baba alipima kwa futi, baba mdogo akapima kwa uzi, vipimo vikatofautiana, wakapima tena wakiwa wamekasirika, na vikalingana. Walitoboa Ijumaa. Alama za shoka baba hakuziondoa. Angezipiga randa, ubao ungekuwa mwembamba. Jumamosi mchana nilifunga nyuzi sita, nikazikaza, nikalitundika jikoni kwenye joto, nikalitoa nje kwenye ukungu. Halikusogea. Nilimpigia ng'ombe, nikampigia paka. Halikusogea. Mazoezi yenyewe na kwaya sikupata hata moja, ila sikujali, kwa sababu gitaa lilikuwa limepona.

Siku ya Mavuno kanisa lilijaa mpaka madirishani. Sharika nne zilikuwa zimekuja na majoho ya rangi nne. Mbwa wa jirani alinifuata njia nzima, akaingia nami, akalala mbele ya amplifaya anatazama tumbo la gitaa kwa matumaini, na wazee wa kanisa wawili walishindwa kumtoa. Baba na baba mdogo walikuwa benchi moja, mbele. Nilikuwa na furaha, na safari hii sikuificha.

Mwalimu wa kwaya akainua mkono. Nikapiga.

Lilikuwa na sauti nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Kila uzi ulisimama pake. Hakukuwa na ngurumo, hakukuwa na kushuka. Lilisikika safi hadi kwa watu waliokaa nje kwenye nyasi. Ubeti wa kwanza ukapita. Kwenye ubeti wa pili nikaona mkono wa mwalimu wa kwaya unanionyesha kitu. Nikadhani anafurahi, nikaongeza bidii. Nikafika mwisho wa mstari nikatazama, kwaya ilikuwa bado inakuja. Nikawasubiri. Wakafika, tukaondoka pamoja, na kabla ya kiitikio nilikuwa nimewaacha tena. Na kwa kuwa gitaa lilikuwa safi hivyo, sharika zote nne zilisikia vizuri kabisa. Kule mbele baba na baba mdogo walikuwa wanatikisa vichwa kwa fahari, kila mmoja kwa mapigo yake.

Baada ya ibada mwalimu wa kwaya alinijia. Akalichukua gitaa, akagusa uzi mmoja mmoja, sita zote, sikio lake karibu na alama za shoka.

"Limetulia," akasema. "Ahadi ni ahadi. Utaendelea kupiga."

"Asante, mwalimu."

"Sasa niambie. Kule ubeti wa pili, ulikuwa unakimbilia wapi?"

Nilifungua mdomo kujibu, kama nilivyozoea kujibu kwa miaka miwili. Nikatazama vifundo. Nikatazama shingo, nikatazama ubao. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na hapakuwa na cha kusingizia.

"Sijui, mwalimu," nikasema.

Alinirudishia gitaa kwa mikono miwili. "Jumatano saa kumi," akasema. "Uje bila hilo. Njoo na mikono tu, tutaanza na makofi."